Kusoma nyaraka za kikoloni za ardhi: mwongozo kwa anayechunguza makazi ya kwanza ya walowezi nchini Kenya

Maswali yanayonifikia kuhusu nyaraka za ardhi za wakati wa ukoloni hayabadiliki sana. Mtu amesikia kwa babu yake kwamba ukoo wao ulikuwa Limuru, au Molo, au Kericho kabla ya Mzungu kufika. Ameenda Nairobi akaomba faili la shamba lao, akaambiwa hakuna faili la namna hiyo, akarudi nyumbani. Mwingine ni mwanafunzi aliyeletewa sanduku zima la ripoti za mwaka na hajui aanzie wapi. Nimewaandikia hao wawili. Mwongozo unahusu nyanda za juu za Kenya, hasa tangu 1895, mwaka wa kutangazwa kwa himaya ya Uingereza, hadi 1939, mwaka ambao mipaka ya nyanda zilizotengewa Wazungu ilitiwa katika amri ya Mfalme. Pwani ina sheria yake, nami nitaigusa kwa ufupi tu.

Kuna jambo moja la kulishika tangu sasa, kwa kuwa hatua zote zinalitegemea. Nyaraka hizi ziliandikwa ili mtu fulani apewe karatasi ya kumiliki, na yule aliyekuwa akiishi pale hakuwa ndiye aliyekusudiwa. Mwenyeji anaonekana humo katika hali nne: alipokuwa kizuizi, alipolipwa fidia, alipohesabiwa kwa ajili ya kodi au kazi, na alipolalamika. Ukimtafuta katika hatimiliki utachoka bure.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kipande kimoja cha ardhi unachokijua kwa macho, hata kama ni kidogo. Anayeanza na wilaya nzima huishia kukusanya picha za kurasa asizozisoma.
- Hatimiliki ya sasa ya kipande hicho au cha jirani, au angalau nambari yake.
- Karatasi ya ramani ya eneo hilo ya kipimo cha 1:50,000, ambayo huuzwa na idara ya upimaji.
- Kitambulisho, ada ya usomaji, penseli na daftari. Kalamu ya wino hairuhusiwi mezani penye nyaraka, na ruhusa ya kupiga picha kwa simu iulize kabla ya kuitoa simu mfukoni.
- Daftari lililochorwa safu sita: tarehe ya tukio, tarehe ya waraka, aliyeandika, alikuwa wapi alipoandika, alijuaje, na maneno yake yenyewe. Safu ya tano ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo itakayokuokoa.
- Orodha ya majina ya zamani. Katika nyaraka, Wakipsigis ni Lumbwa, Watugen ni Kamasia, Wakeiyo ni Elgeyo, Wapokot ni Suk, Waokiek ni Dorobo, na watu wa pande za Ziwa Victoria, Waluo na Waluhya pamoja, ni Kavirondo. Murang'a ni Fort Hall, Nyahururu ni Thomson's Falls, Webuye ni Broderick Falls, na Kisumu ya mwanzo ni Port Florence. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku mbili nikitafuta Kipsigis katika faharisi ya miaka ambayo hakuna karani aliyekuwa akiliandika neno hilo.

Bandika pia tarehe hizi ndani ya jalada la daftari lako. Mwaka 1899 wanasheria wa serikali ya Uingereza walitoa rai kwamba katika nchi isiyo na utawala wanaoutambua wao, ardhi iliyo tupu ni ya Taji, yaani ya dola ya Uingereza. Mwaka 1901 reli ilifika ziwani. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 iliruhusu kuuza hadi ekari 1,000 na kutoa lizi, yaani mikataba ya kukodisha ardhi, za miaka 99. Ile ya 1915 ilileta lizi za miaka 999 na kuiingiza ndani ya Ardhi ya Taji hata ile waliyokalia wenyeji. Mwaka 1919 ulianza mpango wa kuwapa mashamba askari wa Kizungu waliotoka vitani, mwaka 1920 himaya ikageuzwa koloni, mwaka 1926 mipaka ya rizavu, yaani maeneo waliyotengewa wenyeji, ikachapishwa katika gazeti rasmi, na Tume ya Ardhi ya Kenya, inayojulikana kwa jina la mwenyekiti wake Morris Carter, iliteuliwa 1932 na ripoti yake ikatoka 1934. Waraka usioujua sheria yake huwezi kuusoma.

Hatua ya 1: Rudi nyuma kutoka nambari ya leo

Anza na nambari. Majina ya walowezi na ya mahali yaache kwanza. Mashamba ya nyanda za juu yalipewa nambari za upimaji zinazotanguliwa na herufi L.R. (Land Reference), na hiyo ndiyo kamba inayofunga ramani, hatimiliki na barua pamoja. Nambari ikiwa na mkwaju (/), kipande chako kilikatwa kutoka shamba kubwa zaidi, na tarakimu zilizo kabla ya mkwaju ni za shamba mama. Herufi I.R. na C.R. zisikuchanganye: hizo ni nambari za daftari la usajili, la kwanza la bara na la pili la pwani.

Hapa wengi hukwama, kwa sababu mashamba yaliyonunuliwa na serikali au na makampuni ya kununua ardhi tangu miaka ya 1960 yalikatwa upya na kusajiliwa kwa sheria ya 1963. Hatimiliki ya shangazi yako wa Nyandarua au Nakuru itakuwa na jina la eneo na tarakimu chache tu, bila L.R. yoyote. Nenda ofisi ya upimaji ya kaunti, uombe kuona ramani iliyotumika kugawa shamba, kisha utafute juu yake nambari ya shamba la awali.

Hatua ya 2: Tafuta ramani ya upimaji wa kwanza

Makao ya idara ya upimaji yako Ruaraka, Nairobi. Ukiwa na L.R. ya shamba mama, omba ramani ya upimaji wake wa kwanza, uisome pembeni kabla ya kuisoma katikati: tarehe ya kupima, tarehe ya kuidhinishwa, na nambari za majirani. Tarehe mbili hizo huweza kuachana kwa miaka, maana watu walikalia mashamba kabla ya wapimaji kuwafikia, na ofisi ya ardhi ilikuwa daima nyuma ya maombi. Kisha tazama katikati. Mpima ardhi alikuwa mtu wa kutembea kwa miguu, na mara nyingine aliandika alichopita: njia, kisima, mashamba ya zamani, vibanda. Maandishi hayo madogo yana thamani kuliko mipaka yenyewe.

Nambari za mashamba ziliingia hata vinywani mwa watu. Eldoret ilianzia kwenye shamba nambari 64, katika nchi ya Uasin Gishu ambako Makaburu walifika na magari ya ng'ombe mwaka 1908, na wenyeji wakaliita Sisibo, yaani sixty-four ya Kiingereza kwa matamshi yao. Mzee akikutajia Sisibo anakupa nambari ya ramani bila yeye kujua.

Kwa ramani za kabla ya upimaji wa mashamba, tazama zile za Wizara ya Vita ya Uingereza kuhusu Afrika Mashariki, ambazo Maktaba ya Uingereza imeziweka mtandaoni bila malipo. Baadhi ni michoro ya maofisa waliokuwa safarini, yenye vijiji, visima na njia za mifugo.

Hatua ya 3: Pekua gazeti rasmi la serikali

Gazeti hili lilianza 1899, na matoleo mengi ya zamani yanasomeka mtandaoni. Humo mna matangazo ya minada ya mashamba, mipaka ya rizavu na ya wilaya, mirathi ya walowezi waliokufa, na orodha za wapiga kura. Tafuta kwa nambari ya shamba, kisha kwa jina la mlowezi, kisha kwa jina la mto ulio karibu, kwa sababu mto hubadilika jina mara chache kuliko shamba. Andika jina kwa tahajia tatu au nne, kwani mashine inayosoma kurasa zilizopigwa picha hukosea herufi, na makarani wa 1905 nao hawakuwa na tahajia moja ya majina yetu.

Hatua ya 4: Jua mahali hapo palitawaliwa na nani mwaka huo

Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha kwenda magharibi, lilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda mpaka tarehe 1 Aprili 1902. Kwa hiyo anayetafuta habari za Eldama Ravine za 1898 katika majalada ya Nairobi anatafuta maziwa kwa fahali. Barua za wakati ule zilikwenda Entebbe. Vilevile himaya ilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza hadi 1905, kisha ikahamia Wizara ya Makoloni. Katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, barua za kabla ya hapo ziko katika fungu FO 2, na za baada yake katika CO 533. Magazeti rasmi yako CO 542.

Hatua ya 5: Ingia makavazini

Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yako Moi Avenue, Nairobi, katika jengo lililokuwa la Bank of India. Mafaili yamepangwa kwa ofisi iliyoyatunza, wala hayakupangwa kwa mada au kwa ukoo, ndiyo maana ombi la faili la shamba letu halina jibu. Herufi za mwanzo hukuonyesha ofisi: PC ni Mkuu wa Mkoa, DC ni Mkuu wa Wilaya, kisha hufuata kifupi cha mahali, kama DC/KBU kwa Kiambu, DC/FH kwa Fort Hall na DC/MKS kwa Machakos.

Omba kwanza vitu vitatu kwa wilaya yako: ripoti za mwaka, ripoti za makabidhiano kati ya mkuu anayeondoka na anayeingia, na daftari la kumbukumbu za kisiasa. Ripoti ya makabidhiano ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ripoti ya mwaka iliandikwa isomwe na wakubwa, kwa hiyo imepakwa rangi. Ya makabidhiano iliandikwa na mtu anayefunga mizigo akimwambia mwenzake ni mgogoro gani utamsumbua, mlowezi gani ni mkorofi, na mzee gani hachoki kuja ofisini na dai lake la ardhi. Nyingi za hizi zilipigwa picha za mikrofilamu, nazo ndizo utakazopewa badala ya karatasi yenyewe.

Hatua ya 6: Soma faili kwa mpangilio wake

Faili la kikoloni lina pande mbili. Upande mmoja una karatasi ya maoni, ambako maofisa waliandikiana kwa mkono, kila mmoja akitia herufi za jina lake na tarehe. Upande wa pili una barua zenyewe, zilizopewa nambari katika kona ya juu, ya zamani kabisa ikiwa chini. Fungua chini, upande juu. Ukifika barua nambari 14, rudi kwenye maoni uone nani aliisoma na alisema nini kabla jibu halijaandikwa. Mara nyingi barua rasmi hukataa dai kwa sentensi moja ya adabu, na maoni ya siku tatu kabla yake hueleza kwa mistari minane kwamba dai ni la kweli lakini kulikubali kutafungua mlango kwa wengine.

Nambari ikiruka, kwa mfano kutoka 14 hadi 17, iandike. Karatasi iliyotolewa mara nyingine ilihamishiwa faili jingine, na nambari ya faili hilo huandikwa pembeni.

Hatua ya 7: Pima neno "tupu"

Hapa kaa kwa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo historia nzima ya ardhi hii huharibika mikononi mwa msomaji mwenye haraka. Utakutana mara kwa mara na maneno ya Kiingereza yanayosema ardhi haikukaliwa, au ni pori, au haitumiki. Yachukulie kama ushahidi wa alichokiona mtu fulani siku fulani akiwa amesimama mahali fulani, kisha uulize maswali manne.

Mwaka gani? Miaka ya 1890 ilileta sotoka iliyomaliza ng'ombe wa Wamasai, ndui ikafuata, na 1898 hadi 1899 njaa kubwa pamoja na ndui vikawakumba Wakikuyu na Wakamba. Watu wa kusini mwa Kiambu walikufa au walikimbilia kwa jamaa zao kaskazini, na vichaka vikarudi juu ya mashamba. Lugard, ofisa wa kampuni ya Waingereza aliyejenga kituo Dagoretti mwaka 1890, aliikuta nchi iliyolimwa kwa wingi; mpima ardhi wa 1903 alikuta sehemu za nchi hiyohiyo zikiwa vichaka vya miaka minne. Wote wawili waliandika walichokiona. Sheria ikaja ikamshika wa pili.

Mwezi gani? Mfugaji huhama na nyasi. Tambarare isiyo na ng'ombe hata mmoja mwezi wa Februari huenda ilijaa maboma mwezi wa Mei, na msafara uliopita mara moja hauwezi kukueleza hilo.

Alitazama kutoka wapi? Maofisa wengi wa mwanzo waliiona nchi wakiwa ndani ya behewa la reli au kwenye njia kuu ya misafara, na watu waliojifunza adha ya misafara walikwisha sogeza nyumba zao mbali na njia hiyo.

Na sheria ilimtaka aone nini? Sheria ya 1902 ililinda ardhi inayokaliwa kweli wakati huo tu. Shamba lililolazwa lipumzike, malisho ya msimu na msitu wa mizinga ya nyuki havikuhesabiwa. Tena kifungu cha 31 kiliruhusu lizi itolewe juu ya eneo lenye vijiji bila kuvitaja vijiji hivyo: sehemu iliyokaliwa ilichukuliwa kuwa nje ya lizi kwa muda wote wenyeji wakiwamo, na siku wakiondoka, inakuwa ya mwenye lizi. Fikiria maana yake kwako wewe unayesoma. Lizi ya 1904 isiyotaja kibanda hata kimoja haithibitishi kwamba hapakuwa na vibanda, na kuondoka kwa familia moja, hata kwa msimu wa njaa, kulibadilisha miliki bila waraka wowote kuandikwa.

Hatua ya 8: Mtafute mwenyeji katika hali zake nne

Alipokuwa kizuizi: tafuta barua za mlowezi anayelalamika kwamba shamba alilopewa lina watu. Barua hizo ziliandikwa kwa hasira na kwa hiyo zina hesabu: vibanda vingapi, ng'ombe wangapi, upande gani wa mto.

Alipolipwa fidia: palipotolewa fidia, kwa kawaida ilikuwa ya vibanda na ya ardhi iliyolimwa, na malipo huacha orodha. Orodha moja ya majina ya waliolipwa ina uzito kuliko kurasa mia za ripoti, ingawa majina ni ya wakuu wa nyumba, na wanawake waliolima mashamba hayo hawamo.

Alipohesabiwa: kodi ya kibanda ilihitaji hesabu ya vibanda, na sheria ya 1918 ilitaka skwota, yaani Mwafrika aliyeishi katika shamba la mlowezi, awe na mkataba wa kumfanyia kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kumbuka kwamba aliyeandikwa skwota mwaka 1920 huenda alizaliwa papo hapo, kabla ya shamba kuwa shamba.

Alipolalamika: kesi ya Wamasai ya 1913 ndiyo mfano ulio wazi. Mkataba wa 1904, uliowahamisha kutoka Bonde la Ufa kwenda Laikipia na kusini, uliahidi kudumu kwa muda wote Wamasai watakapokuwapo. Ule wa 1911 ukawatoa hata Laikipia. Mahakama ilikataa kulisikiliza dai, ikisema mikataba hiyo ni mambo ya dola na dola, lakini barua zilizotangulia mkataba wa pili zilichapishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1911 kwa nambari Cd. 5584, na zinasomeka.

Hatua ya 9: Tumia ushahidi wa Tume ya Carter kwa jicho kali

Ushahidi wa Tume ulichapishwa katika mabuku matatu makubwa, na kwa mtu wa Kiambu, Murang'a au Nyeri ni hazina: mbari, yaani koo za Wakikuyu, zinaeleza mipaka ya githaka zao, yaani ardhi za ukoo, nasaba za waasisi, na majina ya walowezi waliokalia kila sehemu. Angalia kama ukoo wako umo kabla ya kununua nauli ya kwenda popote.

Lakini ushahidi huu ni wa kesi. Wazee walijua kwamba Mwingereza anaheshimu ununuzi, kwa hiyo historia nyingi zilisisitiza jinsi ardhi ilivyonunuliwa kwa mbuzi kutoka kwa Dorobo, na zikapita haraka juu ya ndoa, kuasiliwa na kufyeka msitu pamoja. Walowezi nao walikuja na hadithi ya nchi tupu. Linganisha ushahidi wa 1932 na waraka wowote wa kabla ya 1912. Vinapokubaliana juu ya mto au kilima, una kitu cha kushika.

Hatua ya 10: Geuza vipimo na fedha

Ekari moja ni takriban hekta 0.405, na maili moja ya mraba ni ekari 640. Ekari 100,000 alizopewa mlowezi Lord Delamere huko Njoro mwaka 1903 ni kama maili za mraba 156. Na maili za mraba 16,700 ambazo Tume ilizitaja kuwa nyanda za Wazungu ni karibu kilomita za mraba 43,250.

Fedha ndiyo mtego. Mpaka 1920 walihesabu kwa rupia, 15 kwa pauni moja. Mwaka huo thamani ikapandishwa, zikawa 10 kwa pauni, ikafuata florini kwa muda mfupi, kisha shilingi. Deni la rupia 3,000 lilikuwa pauni 200 mwaka 1919 na pauni 300 mwaka uliofuata, bila mdaiwa kukopa senti. Ukikuta mlowezi anauza sehemu ya shamba 1920 au 1921, tazama deni lake kwanza.

Hatua ya 11: Rudi shambani na wazee

Chukua nakala ya ramani ya kwanza uende nayo. Uliza majina ya vijito, miti na mawe kabla ya kuuliza habari za ukoo, maana mtu akianza na dai, majina hujipanga kulifuata dai. Tarehe zitakuja kwa njaa, kwa magonjwa na kwa marika. Kwa Wakalenjin uwe mwangalifu: majina ya marika huzunguka na kurudi baada ya miaka mia moja na zaidi, kwa hiyo Maina wa masimulizi anaweza kuwa wa mzunguko uliotangulia ule unaoufikiria.

Neno fupi kuhusu pwani

Huko sheria ni ya 1908, ambayo ilimtaka kila mwenye dai alilete kwa msajili kwa muda uliowekwa, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya Taji. Tafuta mafaili ya madai, kwani yana hati za Kiarabu na za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zenye tarehe za Hijria. Aliyeishi bara ya mji bila hati, Mgiriama kwa mfano, haonekani humo ila kama jirani katika mpaka wa mtu mwingine.

Mambo yakikwama

*Faili lipo katika faharisi lakini haliletwi.* Omba tena siku nyingine kwa nambari ileile, kisha omba faili linalotangulia na linalofuata, kwani huwekwa mahali pasipo pao. Likiwa la sekretarieti ya Nairobi, yaani ofisi kuu ya serikali ya koloni, na ni la kabla ya 1939, huenda liliungua katika moto wa mwaka huo. Nakala za barua zilizotumwa London zitakuwa CO 533, na nakala za zilizotumwa wilayani zitakuwa katika mafungu ya DC.

*Umeambiwa majibu yote yako katika mafaili yaliyofichwa London.* Mafaili yaliyohamishwa kabla ya uhuru na kukiriwa hadharani 2011, ambayo sasa yako Kew katika FCO 141, kwa sehemu kubwa ni ya miaka ya 1950. Kwa makazi ya 1905 usiyategemee.

*Ekari za lizi hazilingani na za ramani.* Lizi za mwanzo zilitolewa kwa makadirio. Upimaji ulikuja baadaye. Andika zote mbili pamoja na tarehe zake, usichague moja.

*Shamba moja lina majina mawili ya wamiliki mwaka mmoja.* Tazama kama mmoja ni mwombaji na mwingine ni mnunuzi. Wengi walipewa ardhi wakaiuza bila kulala humo hata usiku mmoja.

*Unataka kutumia ulichopata kudai ardhi.* Utafiti wa historia si hatimiliki. Peleka nakala zako, zikiwa na nambari kamili za faili na ukurasa, kwa wakili au kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na umwachie kazi ya sheria anayeijua.

*Mwandiko na vifupisho havisomeki.* Nakili mstari unaousoma vizuri wa mwandishi yuleyule, jifunze herufi zake humo, kisha urudi kwenye mstari mgumu. Vifupisho viwili utavikuta kila mahali kwenye karatasi ya maoni. B.U. pamoja na tarehe ni agizo kwamba faili lirudishwe mezani siku hiyo. P.A. ni agizo la kuliweka kabatini. Ukiona P.A. mara tu baada ya barua ya malalamiko, pekua upande wa barua uone kama jibu lilitumwa kabisa.